Pingili ya Kwanza ya Kiuno

Farasi wa Ermat aligonga kutoka ubavuni. Kati ya yote yaliyosemwa baadaye, hilo ndilo pekee ambalo watu waliokuwa uwanjani walikubaliana. Wengine walisema Ermat alikusudia. Wengine walisema hatamu ilimkatikia, na hatamu iliyokatika ikaonyeshwa, ingawa hatamu inaweza kukatika kabla ya kugongana au baada yake. Ryskul alikuwa ameinama kutoka kwenye tandiko, kichwa chini ya goti, mkono wa kulia umeshika mguu wa mzoga wa mbuzi, mjeledi ameuuma kwa meno. Katika mkao huo mpandaji haoni kitu isipokuwa manyoya na vumbi. Sheria ya mchezo huu, ambamo wapanda farasi hugombania mzoga wa mbuzi na kuutupa golini, inamtaka anayekuja aje sambamba, bega kwa bega. Kukata njia ni marufuku, kwa sababu kifua cha farasi anayekimbia kikimpata mwenzake ubavuni, wote huanguka. Farasi wa Ryskul alianguka, akamviringikia mpandaji wake, ncha ya tandiko ikamwingia mgongoni. Kisha farasi akainuka na kujikung'uta. Ryskul hakuinuka.

Katika hospitali ya mkoa, mjini Naryn, Daktari Sadyrova aliiweka picha ya eksirei dhidi ya dirisha na kumwita mke wa mgonjwa. Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kiume.

"Wewe ni mwalimu, sivyo?"

"Wa kemia," Burulcha alijibu.

"Basi nisikilize kama unavyotaka wanafunzi wako wakusikilize. Hii ni pingili ya kwanza ya kiuno. Imepasuka. Kipande hiki kimesogea nyuma, kwenye mfereji ambamo neva za miguu zinapita. Kimezigusa, hakijazibana. Ukitaka kujua kimebakiza nafasi kiasi gani kabla ya kuzibana, tazama unene wa ukucha wako."

Burulcha alitazama ukucha wake.

"Atalala chali juu ya ubao kwa wiki sita. Hakai wala haegemei mto. Mkimgeuza, mnamgeuza kama gogo, watu watatu, bega na nyonga kwa pamoja. Kula, amelala. Haja, amelala. Halafu mnamrudisha napiga picha ya pili. Mfupa ukiwa umeunga namvika mkanda mgumu, na atasimama hapa, mbele yangu. Asisimame nyumbani."

"Na akikaa mara moja tu?"

"Anaweza asidhurike. Anaweza asitembee tena maisha yake yote. Ni lipi kati ya hayo, siwezi kukuambia, na usimwamini mtu atakayekuambia anajua."

Alimfundisha jambo moja zaidi. Kila asubuhi ambane mgonjwa vidole vya miguu, kimoja kimoja, huku mgonjwa amefumba macho, amuulize ni kidole gani. Kisha amwambie asukume kiganja chake kwa wayo, kulia, halafu kushoto. Siku atakayokosea, wamlete bila kungoja.

Walimsafirisha nyumbani kwa gari la wagonjwa na kumlaza kwenye chumba cha wageni, ambacho ndicho kilichokuwa na sakafu iliyo sawa. Fundi alileta mbao, wakaziweka juu ya kitanda cha chuma na kutandika blanketi moja jembamba. Burulcha aliomba ruhusa shuleni. Alimlisha kwa kijiko, alimwosha, alimpaka spiriti mgongoni asiote vidonda vya kulalia, na kila asubuhi alimbana vidole.

"Hiki?"

"Cha pili, kulia."

"Hiki?"

"Cha mwisho, kushoto. Mama Begimai," alisema, akimwita mkewe kwa jina la mtoto wao, "na huku juu je, hubani?"

"Sukuma kiganja."

Alisukuma. Alikuwa na nguvu. Wayo wake ulimrudisha Burulcha nyuma kidogo, na hilo lilimtosha mpaka kesho yake.

Wachezaji wenzake walikuja na maziwa ya farasi waliyomnywesha kwa mrija. Walikaa kumzunguka na kumtania, kwa sababu hawakujua la kufanya mbele ya mtu aliyelala.

"Mtazameni. Zamani alikuwa anamgombania mbuzi, sasa amekuwa mbuzi mwenyewe."

"Mbuzi ana thamani. Huyu nani angemgombania?"

"Mke wangu," Ryskul alisema. "Ananigeuza upande huu, ananigeuza upande ule. Bado hajaamua atanitupia goli gani."

"Shemeji, mgeuze taratibu, ana mafuta huyo."

Walicheka. Ryskul naye alicheka, na Burulcha alimtazama tumbo likitikisika, akasema, "Msimchekeshe." Wakanyamaza kama darasa lililokemewa. Walipotoka nje alisikia mmoja akinong'ona kwamba Ryskul amevunjika mgongo na juu ya hayo amewekewa mwalimu wa kumkemea.

Zikiwa zimebaki wiki mbili kufikia picha ya pili, Mzee Kerimbai alikuja. Alikuwa kaka wa marehemu baba yake Ryskul, na tangu marehemu azikwe neno lake ndilo lililofunga mjadala katika nyumba ile. Alikunywa chai, akauliza habari za ng'ombe, kisha akamwambia Mama Ajar, mama yake Ryskul, kwamba watu wa Ermat wataka kuja kuomba radhi.

"Wanaleta farasi na joho. Jumadyl mwenyewe anakuja."

Jumadyl alikuwa baba yake Ermat. Kwa umri hakukuwa na mwanamume aliyemzidi katika bonde letu.

"Amekonda," Kerimbai aliendelea. "Haendi msibani, haendi harusini. Anasema ataonyeshaje uso wake wakati kijana wa watu amelala. Na mpelelezi amekwisha kuja mara mbili kumuuliza Ermat. Jambo hili lazima limalizwe na sisi wenyewe kabla theluji haijafunga njia."

Burulcha alikuwa akimimina chai. Mke aliyeolewa katika ukoo hamjibu mkubwa wa mumewe, wala hamwiti kwa jina. Humpa bakuli la chai kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Alisubiri mpaka Kerimbai alipotoka kwenda kumtazama farasi wake, ndipo akamgeukia mama mkwe.

"Mama, waje baada ya picha ya pili. Ni wiki mbili tu."

"Nitamwambiaje? Mkubwa ameshasema."

"Mwambie daktari amekataza wageni."

"Wageni wamekuwa wakiingia na kutoka kama kwenye kituo cha basi, mwanangu. Wote wanajua." Mama Ajar alikuwa akimenya vitunguu, macho yakimtoka machozi. "Unaogopa nini?"

"Naogopa atainuka. Mzee kama yule akiingia chumbani, atainuka. Mmemlea hivyo."

Mama Ajar aliacha kumenya. Alielewa vizuri kabisa, na hilo lazima lisemwe kwa haki yake. Kijana akibaki amelala mbele ya mzee aliyekuja kuomba radhi, maana yake ni moja, nayo ni kwamba radhi imekataliwa. Alikwenda nje kwa Kerimbai na wakaongea kando ya zizi kwa muda mrefu. Kerimbai aliporudi alimwambia Ryskul, kwa sauti ya kumfikia Burulcha aliyekuwa mlangoni, kwamba yeye mwenyewe atakwenda kwa Jumadyl kueleza. Ryskul atawapokea amelala. Hakuna atakayelihesabu. Na kweli alikwenda, na kwa Jumadyl walikubali mara moja. Walisema hata wao wasingetaka vinginevyo.

Lilikuwa jambo lililopangwa vizuri. Lakini Burulcha hakuridhika nalo. Alichukua ukanda mpana wa tandiko na kumwonyesha mumewe.

"Nikufunge kifuani, niufiche chini ya blanketi. Mpaka waondoke."

"Unifunge kama mwizi wa kondoo?"

"Hakuna atakayeona."

"Mimi nitajua." Alimshika mkono. "Mama Begimai, nina akili zangu. Nataka kutembea kuliko unavyotaka wewe nitembee. Sitainuka. Mzee Kerimbai ameshasema, wao wamekubali, mimi nimekubali. Rudisha ukanda wa watu kwenye tandiko lake."

Aliurudisha.

Wageni walifika asubuhi, mvua nyembamba ikinyesha. Burulcha alikuwa amekwisha kumpima. Vidole vyote kumi alivitaja bila kukosea, na wayo wa kushoto ulimsukuma kwa nguvu kuliko wa kulia, kama kawaida yake. Walimfunga farasi waliyemleta kwenye nguzo ya uani, dume la rangi ya kahawia, mkia umesukwa. Waliingia wazee watatu. Ermat aliingia mwisho akabaki karibu na mlango, mikono mbele, kichwa chini. Hakuwa kijana mdogo. Alikuwa na watoto wawili na basi dogo alilobebea abiria. Lakini siku ile alisimama kama mtu asiyejua mikono yake ni ya nani.

"Usiinuke, mwanangu," Jumadyl alisema kutoka kizingitini. "Tumeambiwa. Lala."

"Nisamehe, baba, nakupokea hivi," Ryskul alisema.

"Lala, lala."

Walikaa juu ya magodoro. Kerimbai alisema yanayosemwa: kwamba farasi ni mnyama, kwamba uwanja ni uwanja, kwamba koo hizi mbili zimeoana tangu zamani. Joho likatandazwa juu ya miguu ya Ryskul. Jumadyl aliulizwa kama ana neno. Alikuwa na neno alilolitayarisha, lakini alipoanza, sauti ilikwama, akaanza tena, ikakwama tena.

"Sikumlea kukata njia," alisema mwishowe. "Hatamu au si hatamu. Sikumlea hivyo."

"Baba, yameisha," Ryskul alisema. "Nimesamehe. Mbele ya wote hawa nimesamehe. Ermat, sikia, yameisha. Kaa unywe chai."

Hapo ndipo pangetosha. Radhi ilikuwa imeombwa na imetolewa, na chai ilikuwa tayari. Burulcha alikuwa ameingia na birika. Lakini mzee Jumadyl aliinuka, akapiga hatua mpaka kando ya kitanda, akavua kofia yake nyeupe ya sufu na kuiweka sakafuni, karibu na kitanda. Akasimama hapo na kichwa wazi, nywele chache, ngozi ya utosi nyeupe kuliko ya uso.

Hakuna aliyelitazamia hilo. Hata watu wake mwenyewe walishtuka. Kofia haiwekwi chini. Mtu huivua akiingia kaburini au akipoteza kila kitu. Mzee akiiweka mbele ya kijana, hakuna wa kuiokota ila kijana huyo. Kerimbai alinyoosha mkono, akaurudisha, kwa kuwa haikuwekwa mbele yake. Ermat hakuweza, kwa kuwa yeye ndiye aliyeombewa. Mwanamke haigusi.

"Baba Begimai, lala!" Burulcha alipiga kelele. "Lala!"

Ryskul alikuwa amekwisha kuegemea kiwiko. Alikaa. Alishusha miguu. Alisimama akiwa ameshika ukingo wa kitanda, akainama, akaiokota kofia, akaipangusa kwa mkono wa shati na kumvika mzee kichwani, kwa mikono yote miwili, taratibu, akiiweka sawa upande wa mbele. Yote hayo hayakuchukua muda wa kujaza bakuli la chai. Kisha akasimama wima, mrefu kuliko wote mle chumbani, akamtazama mkewe kwa uso wa mtu aliyefanya kosa dogo na anajua atasamehewa.

"Nani amemwaga maji ya moto?" aliuliza.

Hakuna aliyekuwa amemwaga maji. Birika lilikuwa mkononi mwa Burulcha, limejaa. Ryskul aliyatazama mapaja yake, na magoti yakakunjika. Ermat ndiye aliyemdaka.

Walimlaza. Burulcha alimfunika uso kwa kitambaa asione, akambana vidole.

"Hiki?"

"Bado hujaanza."

"Hiki?"

"Anza basi."

Alibana mpaka kucha zake zikaacha alama. Akaweka kiganja chini ya wayo wa kushoto na kumwambia asukume. "Nasukuma," Ryskul alisema. "Nasukuma, mbona."

Waling'oa mlango wa ghala, wakamfunga juu yake kwa ule ukanda wa tandiko, wakauingiza ndani ya basi dogo la Ermat baada ya kutoa viti viwili vya nyuma. Ermat aliendesha. Kerimbai na Jumadyl walikaa mbele ya mgonjwa, Burulcha alipiga magoti kichwani pake na kukishika kichwa kisitikisike. Barabara ya kuvuka mlima ilikuwa imelowa. Kisha Kerimbai akasema, bila kumtazama mtu:

"Daktari atauliza."

"Atauliza," Ryskul alikubali.

"Tuseme miguu ilianza kufa ganzi tangu juzi. Kidogo kidogo. Tangu juzi."

Jumadyl alifumba macho. Alikuwa ameikaza kofia kichwani kwa mkono mmoja, kana kwamba ndani ya gari kulikuwa na upepo.

"Ni kweli nilikuwa nasikia ganzi," Ryskul alisema. "Baba, usijali. Ni kule kule uwanjani. Mfupa ulishavunjika kule."

"Mungu akupe umri," Jumadyl alinong'ona.

Burulcha hakuulizwa. Alikishika kichwa cha mumewe na kutazama kipande cha barabara kilichokuwa kikionekana kati ya mabega ya wazee. Alifikiri kwamba ni uongo wa bei rahisi. Haumdhuru mtu, na unamwachia mzee miaka yake iliyobaki. Aliukubali pale, akiwa amepiga magoti ndani ya gari. Hilo pia ni kweli.

Daktari Sadyrova alikutana nao kwenye korido. Alichukua sindano, akachoma kuanzia wayo kwenda juu, akaishia kwenye kinena, Ryskul aliposikia mchomo.

"Tangu lini?"

"Tangu juzi," Ryskul alisema. "Kidogo kidogo."

"Alianguka? Aliinuka?"

"Hapana," Kerimbai alisema. "Alikuwa amelala kama ulivyoagiza."

Daktari aliwatazama mmoja mmoja, wazee kwa kofia zao na Ermat aliyelowa mvua.

"Nisikilizeni. Ikiwa ni tangu juzi, neva zimekwisha kufa na kufungua mgongo leo ni kumhatarisha bure. Nitamlaza, nitampa dawa, na wiki ijayo nitampeleka mji mkuu, Bishkek, wampangie matibabu. Ikiwa ni leo, ikiwa ni saa chache tu, hilo ni jambo lingine. Nafungua sasa hivi, natoa kipande, na anaweza kupata kitu. Si lazima. Anaweza. Kwa hiyo nauliza mara ya pili. Tangu lini?"

Ryskul alikuwa akitazama dari. Burulcha alisubiri, kwa kuwa maneno yalikuwa ya mumewe na miguu ilikuwa ya mumewe. Aliona macho yake yakienda kwa Jumadyl na kurudi kwenye dari. Midomo ilifunguka, ikafungika.

"Leo," Burulcha alisema.

"Wewe, nyamaza," Kerimbai alisema. Ndilo neno la kwanza alilowahi kumwambia moja kwa moja tangu aolewe.

"Leo asubuhi nilimpima. Vidole vyote kumi, na alisukuma. Baada ya hapo alisimama."

"Kwa nini alisimama?" daktari aliuliza.

"Mzee huyu aliweka kofia yake chini. Alimrudishia."

Daktari Sadyrova alikuwa mtu wa huku huku. Alifumba macho kidogo, kama mtu aliyesikia jina la ndugu kwenye orodha ya waliokufa, kisha akageuka na kuita watu kwa sauti iliyojaza korido. Kitanda kilisukumwa. Ryskul alipopita mbele ya mkewe hakumtazama. Jumadyl alibaki amesimama katikati ya korido. Wauguzi walimkwepa huku na huku, mpaka Ermat alipomshika kiwiko na kumketisha. Alikaa na mikono juu ya magoti. Upasuaji ulipomalizika hakuwepo tena. Alikuwa ametoka nje na kupanda gari la kwanza lililokuwa likirudi bondeni.

Kipande cha mfupa kilitolewa. Skrubu nne na vyuma viwili vikawekwa. Baada ya wiki kadhaa Ryskul alipata hisia kwenye paja la kushoto, sehemu ya mbele, kiasi cha kiganja kilichofunguliwa. Akawa anajua ikiwa kitu ni cha baridi au cha moto. Msimu wa theluji ulipita, halafu wa matope. Sehemu ile haikuongezeka.

Nyumbani Mama Ajar alimsaidia Burulcha kumgeuza usiku na mchana, kwa mikono yenye nguvu na mdomo uliofungwa. Alimwambia mara moja tu, wakiwa wanafua mashuka: "Ungeniambia mimi. Ningemwambia daktari pembeni, kimya kimya."

"Ulikuwa nyumbani, mama."

"Ungemwita pembeni wewe mwenyewe."

"Alikuwa akiuliza pale."

Mama Ajar alikamua shuka. Bondeni walisema kwamba mke wa Ryskul alimvunjia mzee heshima mbele ya wageni, na walisema pia kwamba ni yeye aliyemfanya mumewe afunguliwe mgongo kwa wakati. Sentensi hizo mbili zilikaa pamoja bila kugombana. Kerimbai aliendelea kuja, akanywa chai iliyomiminwa na mama mkwe. Jumadyl hakuonekana. Ermat ndiye aliyekuja, kila asubuhi kabla ya safari yake ya kwanza, akavua viatu mlangoni, akaingiza mikono chini ya mabega ya Ryskul na kumwinua ili Burulcha atandike. Alijifunza kubadilisha mpira wa mkojo. Alijifunza kukagua visigino na mfupa wa mkia, na kusema "hapa pamekuwa pekundu" kabla ya Burulcha kuona. Hawakuzungumza juu ya hatamu.

Mwaka ulipotimia waliitwa hospitali kwa picha. Daktari Sadyrova aliiweka dhidi ya dirisha lile lile, akaitazama kwa karibu, kisha kwa mbali.

"Umeunga," alisema. "Umeunga vizuri sana. Sijaona mifupa mingi iliyounga hivi. Vyuma vibaki. Na unaruhusiwa kukaa kwenye kiti siku nzima, si kwa vipindi tena."

"Na miguu?" Ryskul aliuliza.

"Ulichonacho ndicho utakachokuwa nacho."

"Nashukuru."

"Usinishukuru. Mshukuru mkeo kwa mgongo huo. Ni wachache wanaorudi hapa baada ya mwaka mzima bila kidonda."

Katika safari ya kurudi waliketi nyuma ya basi, Ryskul kwenye kiti cha magurudumu kilichofungwa kamba, Burulcha pembeni yake. Ermat aliendesha peke yake mbele. Kwenye kona za mlima Burulcha alimshika mumewe bega asiegemee upande mmoja. Ryskul alizungumza kwa sauti ndogo, macho yake nje, ambako theluji ya kwanza ilikuwa imeanza kufunika majani makavu.

"Kama ungenyamaza siku ile. Kusingekuwa na tofauti, si ndiyo? Ni paja tu hili. Kiganja kimoja."

"Sijui."

"Umemuuliza daktari?"

"Nimemuuliza. Hajui naye."

"Na kama ningesema mimi, mara ya kwanza aliponiuliza?"

Burulcha alihesabu moyoni dakika zilizopotea kati ya swali la kwanza na la pili. Zilikuwa chache. Hakuna mtu duniani angeweza kusema dakika zile zilibeba nini.

"Hilo pia sijui," alisema.

Ryskul aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa chenji sahihi. Walisafiri hivyo mpaka bonde lilipoanza kuonekana. Basi lilipopunguza mwendo kupisha kundi la kondoo, aliita mbele.

"Ermat."

"Naam, kaka."

"Ukifika kwa mzee wako, mwambie daktari amesema mfupa umeunga. Umeunga vizuri, hajaona mifupa mingi iliyounga hivi. Mwambie hivyo hivyo."

Ermat aliwatazama kwenye kioo. Macho yake yalikwenda kwa Burulcha yakabaki hapo, yakingoja. Kondoo walipita pande zote mbili za basi, wakigusagusa mabati.

"Ni kweli," Burulcha alisema. "Ndivyo alivyosema. Mwambie."

"Na akiniuliza kama kaka anatembea?"

"Hatauliza," alisema Ryskul.

Burulcha alijua hivyo pia. Aliingiza mikono chini ya makwapa ya mumewe, akamwinua kidogo kutoka kwenye kiti kama alivyofundishwa, ili damu ipite, akamshikilia hewani mpaka kondoo wa mwisho alipovuka.